Kilo Ishirini na Mbili

Mimi ndiye niliyeshika mizani, tanuri la Kiomoni,
miaka minne, kalamu sikioni, daftari la mistari myekundu.
Jiwe likiingia naandika: hamsini.
Chokaa ikitoka naandika: ishirini na nane.
Siku jiwe lina udongo, ishirini na tisa.
Nikapiga mstari chini ya hesabu,
na moyoni nikapiga mstari chini ya jina la Singano.

Kwa kuwa Singano ndiye aliyelilisha tanuri usiku,
na Singano alikuwa na baiskeli mpya,
kengele yake inasikika tangu njia ya Amboni.
Baiskeli hainunuliwi kwa kusukuma kuni, nikawaza.
Nikaenda kwa meneja. Sikusema "mwizi".
Nilisema tu, "Kilo ishirini na mbili kila gunia, bwana,
haziendi kwa miguu."
Nilijiona msemaji.

Wakamsimamisha.

Siku ya kumi na moja akaja binti yake, Mwanaidi,
sare ya shule, soksi moja imeshuka,
daftari la kemia limevikwa gazeti.
Hakuniamkia. Tanga hii, mtoto asiamkie!
Akachukua jiwe ninalokandamizia karatasi
akaliweka katikati ya meza.

"Hili lina kalisi moja, kaboni moja, oksijeni tatu.
Arobaini, kumi na mbili, na kumi na sita mara tatu.
Jumla mia. Basi gramu mia ni moli moja."
Moli ni nini, nikamuuliza, nikitaka akwame.
"Ni kama korja.
Mwenye duka la kanga Barabara ya Kumi na Mbili
haiti moja moja, anasema korja, mnaelewana.
Ila korja hii, ukianza kuihesabu leo,
wajukuu wa wajukuu wako watakufa hawajaimaliza."

Gunia lina gramu elfu hamsini. Gawa kwa mia.
Nikagawa. Mkono wangu kugawa unajua.
"Moli mia tano za jiwe. Na za oksijeni?"
Mia tano, nikasema.
Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama baba yake.
"Nyumba mia tano, kila nyumba watoto watatu.
Watoto wangapi?"

Elfu moja na mia tano.
Nilisema polepole, kama mtu anayetaja deni.

"Moto ukija, kalisi anabaki na mtoto mmoja.
Kaboni anaondoka na wawili.
Wanaoondoka elfu moja, mara kumi na sita: kilo kumi na sita.
Kaboni wenyewe mia tano, mara kumi na mbili: kilo sita.
Jumlisha, karani."

Sikujumlisha. Nilitazama dirishani, moshi ukitoka bombani,
nikasema, kumbe ni ule.
"Ule ni wa kuni," akasema. "Hewa yenyewe huioni."
Akapandisha soksi, akaondoka, jiwe kaliacha.

Basi zilikuwa zikipita hapo miaka minne,
juu ya mabati ya Kiomoni, juu ya kichwa changu,
kilo ishirini na mbili kwa kila gunia,
na kweli hazikuwa na miguu.
Mizani haikusema uongo.
Mimi ndiye niliyeisemea.

Baiskeli ilikuwa ya upatu wa mkewe. Sikuuliza; niliambiwa.
Singano amerudi zamu ya usiku.
Kengele nikiisikia, nainamia daftari.
Nimechora safu ya tatu, nimeiita Zilizopaa,
nayo kila jioni inakubaliana na zile mbili
mpaka gramu, kasoro udongo.

Siku zake kumi na moja hazikulipwa.
Nimezitafutia safu.
Si za kuingia, si za kutoka,
na kupaa hazijapaa:
zipo hapa mezani, chini ya jiwe.