Saa Sita, Birkat al-Mauz

Siku ya nne ya shule ya kiangazi
Daktari Ghaniya aliuliza nani ana rangi ya kucha,
ile isiyo na rangi.
Wavulana wakacheka. Shinuna akafungua mkoba,
akatoa vichupa viwili, na cha tatu chekundu, bila haya.

Hivi ndivyo mti unavyosomwa:
unapaka tone mgongoni mwa jani,
unasubiri, unabandika utepe,
unabandua polepole kama plasta kwenye goti la mtoto,
na kinachokuja si jani,
ni alama yake, ngozi ya ngozi,
unayoilaza kwenye kioo chini ya hadubini.

Mti wetu ulikuwa nyuma ya maabara, ukingoni mwa falaji.
Daftari la kundi lilisema Ziziphus.
Daktari alisema sidri.
Mimi likanitoka tu: "Mkunazi,"
na Jerono, aliyetoka Eldoret na sweta asilolihitaji,
akageuka kama aliyeitwa jina.

Tukagawana saa: kumi na moja alfajiri,
tatu, sita, kumi.
Sita ikaniangukia mimi.
Joto nyuzi arubaini na sita.
Mwiba ulinichoma kidole gumba,
rangi ikakauka kwenye brashi
kabla haijalifikia jani. Nilirudia mara tatu.
Nilitukana kidogo.

Kwenye utepe wa Jerono wa alfajiri
vinywa mia moja na kumi na vinane, vyote wazi,
mfano wa buni zilizopasuliwa katikati.
Kwenye wangu idadi ni karibu ile ile,
ila vimefungwa. Mstari tu.
Mdomo wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Unakufa?" niliuliza.
Daktari alipangusa miwani kwa ncha ya shela.
"Unajibana. Ukifungua saa hizi, maji yote yataondoka.
Ukifunga, hautakufa kwa kiu.
Lakini andika na hili: hewa nayo haiingii.
Mti uliofunga kinywa hauli."

Nikaandika. Kalamu ikasimama
kwenye hauli.

Bibi yangu Zuwena alifika nchi hii mwaka wa sabini na mbili
na cherehani, na lugha moja.
Sokoni Nizwa alinyoosha kidole: hiki, kile.
Muuza vitambaa akimuuliza kwao wapi
alitabasamu, midomo imegusana.
Miaka kumi na moja hivyo.
Nyumbani, komeo likishaingia,
alimwaga: vitendawili, matusi ya jikoni,
majina ya samaki tusiowahi kuwaona,
na mkunazi wa uani, ambao majani yake
aliyatwanga akatuosha nywele
hata povu likatuingia machoni.

Mimi nilidhani ni aibu.
Niliwahi kumwambia, nikiwa na miaka kumi na tano
na Kiarabu kilichonyooka kama rula.
Hakunijibu. Alikuwa anatunga uzi.

Saa kumi Jerono alileta utepe wa mwisho.
Tulihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili,
maana ndivyo hesabu ilivyotujia:
thelathini na viwili wazi, upande wa kivuli.
Upande wa jua, sifuri.
Shinuna akauliza thelathini ni ngapi,
akaiandika hivyo hivyo kwenye jedwali, kwa herufi za Kiarabu,
na Daktari hakuifuta.

Usiku nilimpigia Bibi.
Simu ilikwaruza. Akauliza kama kuna joto.
Nikamwambia lipo, Bibi, mchana kutwa
tulikuwa kwenye mkunazi,
na saa sita nimeuona umefunga mdomo
ili usimalize maji.

Alinyamaza muda wa kubandua utepe.
Kisha akasema:
"Na nyinyi mmeutia maji,
au mmeuhesabu tu?"