Kidoti Hakisogei

Saa tatu usiku nazima injini, Mnazi Mmoja,
hapa barabara inapojigawa: kushoto Lindi, kulia Mtwara.
Injini inakohoa mara mbili, kisha inakubali.
Mgongoni nina korosho za Tunduru, tani thelathini,
na kwenye daftari, kwa mwandiko wa utingo,
saa nane za usukani zimejaa hadi ukingoni.

Simu inaita kabla sijavua viatu.
"Nandonde, nakuona. Kidoti chako hakisogei."
Ndani ya kidoti, tajiri, nimo mimi,
yumo Lipande na sufuria lake,
limo goti langu la kushoto
linalovimba tangu klachi ianze ukaidi.
"Zimebaki themanini! Themanini tu! Hata mbuzi angefika."
Mbuzi akichoka hulala katikati ya lami
na magari yakamzunguka.

Anasema foleni ya ghalani haihesabiki,
eti tangu alfajiri mpaka adhuhuri nilikuwa nimekaa.
Nimekaa, na turubai likinichubua viganja!
Anasema meli haina mjomba wa kuingojea.
Anasema madereva wamejaa stendi kama mabibo.
Hapo nikanyamaza,
kwa maana nimezaliwa shambani, nalijua bibo:
linanyongolewa korosho yake,
kisha linaachwa chini na nzi.

Pale mizani waliupima mzigo, ekseli kwa ekseli,
wakaandika, wakagonga muhuri.
Usingizi wangu haukupandishwa mizani.
Nao ndio uliozidi.

Nampoto naye alibakiza chache,
arobaini, au arobaini na mbili, sikumbuki.
Nilifika kwenye ile kona ya Nanganga kumekucha.
Korosho zimetapakaa hadi mtaroni,
watoto wanaokota kwa ndoo za shule,
na kandambili moja, ya bluu, juu ya kanyagio.
Simu yake ilikuwa bado inaita. Nikaipokea.
Swali la kwanza: "Magunia mangapi yamepasuka?"
La pili sikulisubiri.

Somoe anauza ming'oko kwa mwanga wa kibatari.
"Leo unalala kwetu, dereva?"
"Nalala."
Akaniongezea chumvi yenye pilipili, bila kuniuliza kwa nini.
Lipande keshajikunja chini ya tela,
anakoroma kama mtu asiye na deni.
Mimi ninalo. Ada ya Zuhura, bati za chumba cha pili.
Nimelala nalo kitanda kimoja, nyuma ya kiti,
nikigeuka, linageuka.

Saa nane usiku, bodaboda kutoka Lindi.
Anashuka kijana, begi dogo, jaketi la mtu mwingine.
"Tajiri kanituma. Nipe ufunguo, nilimalize hili."
Nikammulika usoni kwa tochi ya simu.
Macho mekundu kama mabibo yaliyoiva.
"Umetoka wapi?"
"Dar. Nimeshusha saruji Lindi saa nne."
"Na juzi?"
Akafikiri. Akahesabu vidole, akapotea kwenye cha tatu,
akacheka peke yake.

Ningeweza kumpa. Sheria ni yangu, saa ni zangu,
zake hazimo katika daftari langu.
Ufunguo ulikuwa na jasho mkononi.
Nikafungua mlango wa upande wa utingo.
"Panda. Kitanda kina joto bado."
"Na tajiri?"
"Tajiri anaangalia kidoti. Kidoti hakina macho."
Alivua kiatu kimoja tu. Cha pili usingizi ulimkuta nacho.

Nami nimekaa kwenye jiwe, mbele ya gurudumu,
simu imelala kifudifudi mchangani, inatetemeka,
inachimba kashimo kake kadogo.
Somoe amezima kibatari kubana mafuta.
Kesho huenda nikarudi Masasi kwa miguu ya watu,
sina gari, sina posho, nina daftari.
Sijui.
Kwa sasa wanakoroma wawili,
kwa sauti mbili tofauti,
na mzigo wote, tani kwa tani,
umetulia.