Korosho na Kongosho

Tabibu wa zamu, kijana wa Nanyamba
aitwaye Mtipa, amenichorea mwili wangu
nyuma ya stakabadhi ya ghala,
maana karatasi zake zimekwisha.
Upande mmoja, kilo zangu za korosho, daraja la pili.
Upande wa pili, ubongo
(kauchora kama korosho iliyobanguliwa vibaya),
mshipa mrefu ukishuka shingoni, kifuani,
hadi kwenye kitu mfano wa samaki mkavu
kilichojilaza nyuma ya tumbo.
"Hili ndilo kongosho, mama Nantende."
Nikacheka. Mwanangu, mimi nalima korosho;
hilo kongosho nani kalipanda?

Hakucheka sana.
Akasema mshipa huo ni tarishi.
Ukinusa tu, tonge halijafika mdomoni,
yeye mbio, anapiga hodi: mgeni yuaja!
Kongosho linamwaga insulini
kama mwenyeji anayetandika mkeka
mgeni angali njia panda.
Upo mshipa mwingine, wa hofu na mbio,
ambao kazi yake ni kusema: ngoja kwanza.
Wengine, mishipa hiyo hupokezana.
Ndani yangu, tarishi haketi
na wa kuzuia sauti imemkauka.
Mkeka juu ya mkeka juu ya mkeka,
hadi ini na misuli vimezoea hodi,
havisemi tena karibu.

Miaka ishirini na sita
nimekaa mbele ya karai pale Newala,
moshi wa maganda usoni,
harufu ikinifuata hata usingizini.
Kilo mia moja na kumi na nne.
Wateja hunitania: wewe unakula mtaji.
Mume wangu wa kwanza alihesabu matonge yangu
kwa sauti, mbele ya wageni.
Wifi yangu Somoe alificha chungu cha ming'oko
uvunguni, kama gongo.
Hakuna aliyeniambia
kwamba yupo anayenijibia
kabla sijaulizwa.

Simsingizii tarishi. Mkono ni wangu,
na uraka wa msimu sikuwahi kuukataa.
Ila jana, nikikoroga karai,
niliweka kiganja chini ya mbavu
nikasikiliza.
Kimya. Maganda tu yakipasuka.
Nikasema polepole,
kama unavyomwambia mtoto wa jirani
aliyetumwa dukani mara nyingi mno:
Kaa, mwanangu.
Hakuna mgeni.
Ni harufu tu. Niko kazini.

Stakabadhi nimeifunga pindoni mwa kanga.
Keshokutwa ni malipo ya mnada.
Karani ataigeuza,
ataona ubongo, shingo, na yule samaki mkavu,
atanyanyua miwani aniulize:
mama, na hizi ni kilo za nini?