Herufi Mbili

Ijumaa ni soko hapa Edirne.
Mezani kwangu vifungo, zipu, uzi wa kila rangi,
na lira na euro na leva za siku zile
zimelala kopo moja la biskuti, hazigombani.
Mpaka wa Wagiriki uko pua na mdomo,
wa Wabulgaria mbele kidogo,
na mto unaotuzunguka una majina matatu,
lakini tope lake la Machi ni lile lile.

Kuna neno pia. Dogo,
halijazi hata pembe ya kinywa:
ne.
Mgiriki akilitamka, kakubali.
Mbulgaria akilitamka, kakataa.
Mimi nikilitamka, nauliza: nini?

Nilimpigia simu binti yangu Feraye,
anasoma lugha Ankara na ada inanila mifupa.
“Mama,” akasema, “hizo tatu si ndugu.
Ile ya Wabulgaria ina ukoo mkubwa,
inakataa mpaka Praha, mpaka Vilnius,
Wafaransa wanayo pia, wanaitafuna nusu na kuimeza.
Ya Wagiriki imefanana nayo sura tu,
kama watu wawili walionunua koti kwa muuzaji mmoja.
Na yetu ilikuja na farasi, kutoka nyika za mbali.
Maneno yetu ya kale hayakupenda kuanza na sauti hiyo;
hili ni kama lilipita mlango wa nyuma, peke yake.”
Akaendelea: Mhungaria hulitumia kusema usi-, usiguse, usiende;
Seuli ni ndiyo, ya adabu;
Tokyo hulitia mwisho wa sentensi, kama mtu
anayekugusa kiwiko: au sivyo?
Salio likakatika.

Sasa, Thrasivulos.
Mjane wa Orestiada, koti lake la kijivu
limepungukiwa vifungo tangu mkewe afariki.
Kila Ijumaa hununua kimoja. Kimoja tu.
Na Stamenka, fundi cherehani wa Svilengrad,
huja kuchukua zipu kwa dazeni, mkono mzito wa kuhesabu.
Miezi mitano wanasalimiana kwa Kituruki cha kuokoteza,
mimi najifanya napanga uzi.

Siku hiyo mzee akajikaza, akauliza
kama bibi angependa kula naye maini ya kukaanga,
pale kona, kwa Sıtkı.
Stamenka akasema, “Ne,”
na kidevu akakiinua juu.

Maskini Thrasivulos!
Sikio lilipokea ndiyo,
jicho likapokea hapana,
maana kwao pia kidevu kikipanda, jambo limekufa.
Akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Nami, kwa umbea wangu, nikadakia, “Ne?”

Yeye akasikia ndiyo ya pili.
Lakini Stamenka alisikia namkatalia kwa niaba yake,
akanikazia macho: nani kanipa kazi hiyo?
Alikuwa amekataa kwa aibu tu, kama mtu
anayekataa kipande cha kwanza cha keki.
Sasa akatikisa kichwa, kushoto, kulia, kushoto,
ambavyo kwao ndivyo mtu anavyokubali.
Mzee akakiona kichwa kinakana, akaanza kuvaa kofia.

Nikaweka mkasi chini.
Nikamshika huyu mkono, na yule mkono,
nikawapeleka mpaka kwa Sıtkı kama watoto wa chekechea,
meza yangu nyuma haina mtu,
na mtu akaniibia zipu sita za shaba.

Waliongea nini, sijui. Nilirudi kulia zipu zangu.

Ijumaa hii Thrasivulos amepita bila kununua kitu.
Koti limejaa vifungo mpaka shingoni,
vimeshonwa kwa msalaba uliokazwa,
mshono naujua ni wa cherehani ipi.
Neno lilinifika ulimini, herufi zake mbili,
nikalimeza.
Nikamwekea kimoja cha akiba kiganjani,
hakikuwa na bei.