Kilo Ishirini na Tatu

Sanduku tulilipima kwenye mizani ya kahawa,
pale chama cha msingi, Jumapili baada ya ibada,
kwa kuwa Mbokomu yetu hii haina mizani nyingine
ila ya zahanati, na ile ni ya watoto.
Karani Ndelamio akafungua ghala kwa ufunguo wa shingoni,
akalining'iniza sanduku kwenye ndoano
ambayo tangu nizaliwe sijaiona ikibeba kitu chenye zipu.
"Ishirini na saba na nusu," akasema.
Kisha, kwa mazoea: "Daraja gani?"
Tukacheka. Baba hakucheka.

Kilo nne na nusu zitoke.
Nikatoa unga wa ulezi. Mama akaurudisha.
Nikatoa viatu vya harusi ya Aikande. Akavitazama, akaviacha.
Nikashika koti la mtumba la Memorial,
lile muuzaji aliloapa kwamba limetoka hukohuko niendako,
kwa hiyo njia linaijua.
Koti likabaki.

Ninakwenda kusomea chulebuni.
Ninakwenda nchi yenye mikahawa kila kona
na isiyo na mbuni hata mmoja,
ila ule wa kwenye chungu, ndani ya nyumba ya kioo,
unaopashwa moto kama mgonjwa.
Baba aliniuliza mara moja tu:
"Ugonjwa uko huku. Dawa iko huko?"
Nikamjibu kwa maneno ya barua ya maombi,
aya ya tatu, ile niliyoiandika mara kumi na moja.
Akasema, sawa.
Kesho yake alfajiri nikasikia msumeno.

Ufadhili unalipa ada, unalipa chumba.
Haulipi nauli, wala muhuri wa wakili, wala kupimwa kifua,
wala safari tatu za Dar kwenda kuulizwa kama nitarudi.
Migrevilea mitano ya mpakani,
aliyoipanda babu ili mibuni ipate kivuli,
imekuwa mbao. Mbao zimekuwa tiketi.
Sasa mibuni imesimama juani vichwa wazi
kama watu waliovua kofia msibani.
Ningekuwa mtunga mtihani ningeuliza, kwa alama kumi:
aliyeuza kivuli cha mti ili akausomee mti
amepata ngapi, amebakiwa na ngapi?
Onyesha njia.

"Nitarudi," nilimwambia yule wa dirishani.
Aligonga muhuri bila kuinua macho.
Kwetu neno hilo halisemwi hivyo, mikono mitupu.
Unalisema umeshika kitu: ndoo, panga, mkono wa mtoto,
na aliyebaki anajua ni saa ngapi aanze kukusubiri.

Ishirini na nne. Toa tena.

Nyuma ya ghala mfongo unapita, umejaa majani.
Zamu yetu ya maji ni Alhamisi,
na Alhamisi nitakuwa nimeshapaa kutoka KIA,
Baba akizibua peke yake na goti lile.
Nimemwandikia Elinami, mtoto wa jirani,
zamu zote mpaka Desemba, kwenye karatasi ya daftari,
nikampa na jembe langu, lile jepesi.
Aliisoma yote, midomo ikicheza, kisha akaniuliza:
"Dada, uzamili ni kuzama?"
Nikamwambia, kidogo.

Ulezi ukapunguzwa nusu. Mama mwenyewe aliupunguza,
kwa kikombe, akihesabu kimoyomoyo.
Ishirini na tatu kamili; mshale ukatulia.
Karani akafungua kitabu, maana mizani ile haipimi bure:
akaandika jina langu, tarehe, kilo,
kwenye daraja akapiga mstari,
akachana stakabadhi, akaigonga muhuri wa msimu:
MALIPO YA AWALI.

Baba akaichukua. Akaisogeza mbali na macho,
akaisoma pande zote mbili,
na upande wa pili hauna kitu.
"Na malipo ya pili?" akauliza,
kwa sauti ileile anayoulizia kila mwaka.
"Mpaka mnada uishe, Mzee."
"Mnasemaga hivyo,"
akasema Baba, akaikunja mara mbili,
akaitia mfukoni mwake, si mwangu.