Limewaka, Baba

Baridi ya Ulaanbaatar haina methali. Inang'ata tu.
Zamani, saa kumi alfajiri,
baba alilala chali chini ya lori la Kirusi
na bomba la moto mkononi, akiikanda injini
kama anayemkanda mzazi,
nasi tuliisikiliza ikikohoa, ikikohoa,
mpaka mtaa mzima wa mahema ujue
Luvsandorj anakwenda kazini.

Mimi nimenunua gari la nusu kwa nusu,
nusu petroli, nusu umeme,
kuukuu, usukani upande usiofaa,
mlango mmoja wa rangi ya maziwa yaliyolala.
Ndani mna mwanamke wa Kijapani. Kila asubuhi
ananiambia neno. Huenda ananionya.
Nami humjibu: na wewe pia, dada.

Siku ya kwanza baba alikaa, kofia ya manyoya magotini,
akangoja.
"Washa, basi."
"Limewaka, Baba."
Akanitazama kama muuza farasi mfu.
Tukatoka kimya, theluji tu ikisaga meno,
mbwa wa jirani hakuinua hata sikio.

Kwenye foleni ya darajani
wenzangu wananguruma wamesimama, wanalipia kusimama.
Langu halili kitu.
Nikikanyaga breki, ule mwendo unaopotea bure
linauokota, linauweka,
kama nyanya alivyogandamiza vipande vya sabuni
hata vikawa mche mwingine.

Sitasema limeusafisha mji. Majiko yetu bado yanachoma makaa,
na mwezi wa kumi na moja betri iligoma:
seli mbili, bei ya kondoo dume mmoja,
fundi Ganzorig akicheka na koleo mdomoni.
Lakini pampu ya mafuta naiona mara mbili kwa mwezi,
na Solongo sasa ana miwani,
anasoma mabango yote njiani kwa sauti,
hata yale ya mazishi.

Jana usiku nilisikia hatua nje.
Baba, taa kichwani, analifunika gari
kwa blanketi la farasi wake,
yule aliyekufa mwaka wa barafu kuu.
Anachomeka pembe moja moja chini ya boneti.
"Baba, hili halisikii baridi."
"Na halisemi," akajibu, bila kugeuka.
"Utajuaje?"