Pistoni ya Tatu

Nimetandika gunia safi mezani, juu yake pistoni nne
kama vikombe vya wageni ambao hawajafika.
Mwanjelwa bado kuna ukungu. Subilaga anapuliza vidole,
anauliza tuanze na ipi.

Ya kwanza ina masizi ya kahawia, rangi ya mtu aliyeshiba.
Ya pili hivyo hivyo. Ya nne imechubuka kidogo begani.
Ya tatu, ishike, usiogope,
ya tatu imeliwa ukingoni, vitundu vitundu,
kama hindi bichi lililodonolewa na kuku,
na kile kidaraja chembamba kati ya ringi na ringi
kimemeguka; kipande kirefu kama ukucha wa dole gumba
tumekiokota kwenye sampu, kimezama kwenye oili.

Panya hali chuma. Nini kimekula?

Nilianza kwa kumshuku mwenye petroli.
Ndivyo tulivyo mafundi: kwanza kituo cha mafuta,
kisha aliyetengeneza kifaa, kisha mguu wa dereva.
Nikasema mafuta yamechanganywa na ya taa.
Nikasema pistoni hizi zilikuja kwenye boksi lisilo na jina.
Nikasema Gwamaka hajui kushusha gia.
Subilaga akaichukua plagi ya tatu, akaigeuzia mlango wenye mwanga:
Fundi, kwenye kigae cheupe kuna nyota.
Kweli. Chembe za aluminiamu, ndogo kama chumvi iliyosagwa.
Pistoni ilikuwa inaandika barua, siku nyingi,
na hakuna aliyefungua kusoma.

Watu husema gari limenoki wakimaanisha limekufa.
Mimi neno hilo nalishika mapema zaidi:
kunoki ni ule mlio wa kokoto kwenye debe,
moto wa pili unaojiwasha bila kuitwa
ukagongana na wa kwanza pistoni ingali inapanda.
Nyundo mbili, fuawe moja.

Nikampigia Gwamaka. Simu inakwaruza.
Huko Mbeya ilikuwa inaruka, fundi, Mlima Nyoka ilipanda inaimba.
Ilikuwa Chimala, nimeshateremka, saa nane mchana,
joto la Usangu linachemka juu ya lami,
nikakanyaga, nikasikia kama mtu anatikisa funguo.
Nikadhani ni bati la egzosi.
Nikaongeza redio.

Funguo.

Nikakata simu nikautazama mkono wangu,
maana uliosogeza timingi ni huu.
Ilikuwa Juni, alfajiri, umande umeganda
kwenye majani ya viazi Uyole, hewa nyembamba na kali.
Nikasogeza cheche mbele digrii mbili. Injini haikukohoa.
Nikaongeza mbili nyingine, na hizo zilikuwa za sifa,
walikuwapo vijana wa gereji ya jirani wanatazama.
Hewa ya huku juu ina adabu, humsitiri fundi.
Kule bondeni ni nzito; tabo iliibeba magunia kwa magunia
ikaishindilia, imechemka tayari,
na cheche yangu inafika ingali na saa ya Mbeya.

Petroli haikuwa na kosa. Labda hata boksi lisilo na jina.
Subilaga kafungua daftari la gereji,
kaandika tarehe, namba ya gari, silinda ya tatu,
sasa amefika kwenye mstari wa *sababu* na ananingoja.
Andika: timingi, digrii nne, fundi mwenyewe.
Pistoni mpya, ringi, kuchonga bloku, yote juu ya gereji.

Kwa penseli au kalamu?

Nje mtu wa Noah anapiga honi, anataka breki zake.
Ukungu umepanda hadi kwenye nyaya za umeme.
Kalamu, nasema. Halafu mwambie huyo anyamaze kidogo,
nataka kusikia injini yake inavyozunguka.